Miwani yangu huua mng'ao wa bahari, mbona nyota hazibadiliki?

*"Shikamoo mwalimu. Nina mashua ndogo hapa Malindi, napeleka wageni kuona matumbawe. Mgeni mmoja aliniachia miwani ya polaroidi. Nikiivaa mng'ao wa maji unapotea na mwamba wa chini nauona. Nikiinamisha kichwa upande, mng'ao unarudi. Usiku nimeijaribu kwa nyota, nikaizungusha weee, hakuna kilichobadilika. Mpwa wangu wa kidato cha nne anasema kuna darubini angani zinazopima polaroidi hiyohiyo kwenye mwanga wa urujuanimno wa nyota, na kwamba yale madishi ya Waitaliano kule Ngomeni ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Ni kweli? Kama nyota hazina polaroidi, wanapima nini? Na kwa nini lazima waende juu, ni ili wazikaribie? Mimi hapa naweza kupima chochote? La mwisho: miwani hii si inazuia urujuanimno? Kijana wangu mdogo hupishanisha miwani mbili za namna hii mpaka mwanga wote unazimika, halafu anatazama jua. Nilimwambia jua likipatwa atumie njia hiyo."*

Marahaba, nahodha. Umeuliza mengi kwa pumzi moja na nitayajibu yote, ila nitaanza na la mwisho kwa sababu halingoji.

Mwambie kijana aache leo. Miwani ya polaroidi, iwe moja au mbili zilizopishanishwa, si kinga ya kutazama jua. Ukizipishanisha unaona giza, na giza hilo ndilo linalodanganya. Mwanga unaoonekana umezuiwa, lakini miale ya joto, ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya wekundu, inapita, na ya urujuanimno, ile iliyo ng'ambo ya zambarau, nayo yaweza kupita kutegemea plastiki iliyotumika. Kwa kuwa ni giza, mboni inapanuka na kuiachia miale hiyo njia pana zaidi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hauna mishipa ya maumivu. Unaungua na mtoto hasikii kitu. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kwa watu wa sehemu za Moroko, Misri, Saudi Arabia hadi Yemen, na huku kwetu pwani litapatwa sehemu yake. Siku hiyo tumieni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ISO 12312-2, au toboeni karatasi tundu dogo, mligeuzie jua mgongo, mtazame taswira yake ikianguka ukutani. Na kama kijana sasa anaona doa katikati ya kila anachokitazama, au mstari ulionyooka anauona umepinda, au rangi zimemfifia, usingoje barua yangu nyingine. Mpeleke kliniki ya macho akachunguzwe retina na mtu anayemwona ana kwa ana.

Tukiwa hapohapo kwenye macho: kuzuia mng'ao na kuzuia urujuanimno ni kazi mbili tofauti. Miwani yaweza kufanya moja bila nyingine. Tafuta kwenye fremu au kwenye kibandiko maandishi UV400. Hayo ndiyo yanayosema kioo kinazuia urujuanimno. Wewe unayeshinda baharini, jua likikupiga kutoka juu na tena kutoka majini, unaihitaji hiyo kuliko mtu wa dukani. Kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho la wavuvi wengi wa rika langu kinahusishwa na miale hiyo.

Sasa tuje kwenye maji. Polaroidi ni jina la ile plastiki tu. Tendo lenyewe wanafizikia wanaliita polaraizesheni. Funga kamba ya nanga kwenye mlingoti, shika ncha ya pili, itikise. Waweza kuitikisa juu na chini, kushoto na kulia, au mshazari. Wimbi linakwenda mbele kuelekea mlingotini, lakini mtikisiko wake unakata njia. Sasa ipitishe kamba hiyo katikati ya boriti mbili za mkoko zilizosimama karibukaribu. Mtikisiko wa juu na chini utapita. Wa kushoto na kulia utagonga boriti na kufa. Mwanga nao hutikisika hivyo, ukikata njia yake, na miwani yako ndiyo hizo boriti.

Mwanga wa jua unapotoka kwake ni mchanganyiko, kila upande sawa. Ukigonga uso wa bahari, maji hurudisha zaidi ule unaotikisika kwa kulala, sambamba na maji. Kuna pembe moja ambapo mng'ao unaorudi karibu wote umelala: pale jua linapokuwa kama nyuzi 37 juu ya upeo wa bahari, yaani kwetu kama saa tatu kasoro asubuhi na karibu saa kumi alasiri. Naamini umeshaona kwamba nyakati hizo miwani inafanya kazi kuliko adhuhuri. Vioo vyako vimewekwa viruhusu mtikisiko uliosimama na kuua uliolala. Ukiinamisha kichwa, umezilaza boriti, na mng'ao unapita.

Kwa nini nyota hazibadiliki? Si kwamba hazina kitu. Zipo nyota zenye polaraizesheni, ila ni kidogo mno kwa jicho. Kwa nyota nitakayokuonyesha hapa chini, ukizungusha miwani mwanga wake utapanda na kushuka kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Kumetameta kwake tu kunakosababishwa na hewa ni kukubwa kuliko hapo mara nyingi. Jicho lako halikukosea, lilikosa kipimo.

Hiyo asilimia moja inatoka wapi? Nyota za moto sana zina gesi iliyovunjwavunjwa, elektroni zinaelea huru. Mwanga ukigonga elektroni na kugeuka pembeni kuja kwetu, hutoka umepangwa, kama ule uliogeuzwa na maji. Lakini nyota ikiwa duara kamili hatuoni kitu. Nilipokuwa mdogo Lamu nilipenda kukaa juu ya baraza nikitazama kirumbizi, ule mchezo wa bakora, watu wamezunguka uwanja. Wape wote hao bakora, kila mmoja ailaze kufuata mkunjo wa duara, kisha utazame kutoka juu. Bakora zimeelekea kila upande kwa idadi sawa. Ukiulizwa zinaelekea wapi, huna jibu. Sasa waondoe watu wa mbele na wa nyuma, wabaki wa kushoto na wa kulia peke yao. Ghafla karibu bakora zote zimeelekea upande mmoja. Nyota iliyozungukwa na mkanda bapa wa gesi ni hivyo hivyo: gesi iko kushoto na kulia, juu na chini hakuna kitu, hesabu haifutiki. Tena angalia, bakora zinazobaki zinakata ule mstari waliojipanga watu. Kwa hiyo ukipima polaraizesheni ukaikuta imesimama, mkanda wenyewe umelala.

Hapo ndipo thamani yote ya kazi hii ilipo. Nyota, hata kwenye darubini kubwa, kwa kawaida ni nukta. Huoni kama ni duara au imebonyea, huoni kama imevaa mkanda. Polaraizesheni inakupa umbo la kitu usichoweza kuliona umbo lake. Mimi binafsi sijui kipimo kingine cha nyota chenye uzuri kama huo.

Na hii si nadharia ya karatasi. Mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, toka nje kama saa tatu na nusu usiku. Zile nyota tatu zilizopangana mstari za kundi la Orion zitakuwa karibu kabisa na utosi wako. Geukia kaskazini, nyoosha mkono, teremka shubiri moja kutoka kwenye zile tatu. Kuna nyota ya wastani, haing'ari sana: Zeta Tauri. Iko upande wa mashariki wa Kilimia, kundi ambalo wazee walifuata kwa kilimo na safari. Zeta Tauri inajizungusha kwa kasi na imevaa mkanda wa gesi. Mwaka 1997 kundi la mwanaastronomia Andreas Quirrenbach lilichapisha vipimo vilivyounganisha mwanga wa vioo vilivyotengana hadi umbo la mikanda ya nyota za aina hii likaonekana, na mikanda ilikuwa imelala palepale polaraizesheni iliposema, kwa pembe ya mraba. Hata ndani ya Kilimia mna nyota za aina hiyo, Alcyone na Pleione miongoni mwao.

Sasa, kwa nini urujuanimno? Kadiri nyota inavyokuwa na moto ndivyo mwanga wake mwingi unavyosogea kutoka wekundu kwenda ubuluu na kuvuka. Jua letu, lenye uso wa kelvini 5,800 (kelvini ni kipimo cha joto), hung'aa zaidi kwenye mawimbi yenye urefu wa karibu nanomita 500, katikati ya rangi tunazoziona. Nyota ya kelvini 20,000 hung'aa zaidi kwenye nanomita 145, ndani kabisa ya urujuanimno. Tunachokiona kwa macho kwenye nyota kama hiyo ni makombo ya sinia. Kuna jambo la pili. Elektroni huru hazichagui rangi, hugeuza zote sawa. Kwa hiyo polaraizesheni ikipanda au ikishuka kutoka rangi moja hadi nyingine, ujue kuna kitu kingine kinachoila njiani, na kwenye urujuanimno walaji ni wengi: chuma na madini mengine yaliyomo kwenye gesi.

Na kwenda juu si kwa ajili ya kuzikaribia. Dhana hiyo wengi wanayo, usione haya. Darubini ya Hubble inazunguka chini ya kilomita 600 kutoka ardhini, haifiki hata urefu wa barabara ya kutoka Malindi kupitia Mombasa hadi Nairobi. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua iko kama kilomita trilioni 40. Kilomita mia sita haziongezi kitu hapo. Wanakwenda juu kwa sababu ya ozoni na oksijeni. Chini ya nanomita 300 hivi ozoni hunyonya karibu kila kitu, na chini ya 200 oksijeni humaliza kilichobaki. Hewa hiyo hiyo inayookoa ngozi yako ndiyo inayomfunga macho mwanaastronomia. Ukae Malindi, upande Mlima Kenya, ni mamoja.

Upimaji wenyewe huenda hivi. Mwanga wa nyota unapitishwa kwenye bamba linalozungushwa hatua kwa hatua, kisha kwenye mche wa fuwele unaougawa mara mbili: mtikisiko wa upande mmoja huku, wa upande uliokata ule kule. Vioo vya kawaida haviupitishi mwanga huu, kwa hiyo hutumika fuwele ya magnesiamu floraidi. Halafu ni kuhesabu tu. Chembe za mwanga, fotoni, zinahesabiwa kwenye kila tawi, na tofauti ya matawi mawili ndiyo jibu. Na kuhesabu huko kuna deni lake: ukihesabu fotoni milioni moja, bahati peke yake inaweza kukupotosha kwa fotoni elfu moja hivi, yaani moja kwa elfu. Ukitaka kupima tofauti ndogo kiasi hicho, milioni moja hazikutoshi, na hiyo ni kwa kila rangi peke yake. Ndiyo maana nyota hafifu ni mateso.

Adui mwingine ni darubini yenyewe. Kioo chochote kinachorudisha mwanga kwa mshazari huongeza polaraizesheni yake, kama bahari yako. Hubble ilikuwa na kifaa, FOS, kilichoweza kupima polaraizesheni ya urujuanimno. Kioo kikuu cha Hubble kilikuwa kimesuguliwa vibaya, na Desemba 1993 wanaanga walikiwekea vioo vidogo vya kurekebisha. Picha zikanyooka, lakini vioo hivyo vilivyoongezwa viliuchezea mwanga uliokwenda FOS, ikabidi polaraizesheni yao ipimwe na kuondolewa kwenye hesabu kwa taabu. Mwaka 1997 FOS ilitolewa.

Kifaa kilichofanya kazi hii kwa moyo wote kiliitwa WUPPE, kimejengwa Chuo Kikuu cha Wisconsin chini ya Arthur Code. Kioo chake kilikuwa na upana wa nusu mita tu. Kilirushwa ndani ya chombo Columbia Desemba 1990 kwa karibu siku tisa, kisha ndani ya Endeavour Machi 1995 kwa siku kumi na sita. Jumla haifiki mwezi mmoja. Zeta Tauri ilikuwa miongoni mwa nyota za mwanzo ilizozitazama. Polaraizesheni yake ya urujuanimno ilitoka ndogo kuliko hesabu za awali zilivyotabiri, na imebonyea mahali mahali. Mlaji alikuwa chuma: chuma kilichomo ndani ya ule mkanda kilikuwa kinanyonya mwanga uliopangwa, katika rangi nyingi mno. Ilibidi watu wabadilishe hesabu zao za mikanda hiyo.

Tangu hapo hakuna chombo cha aina ya WUPPE kilichokwenda tena. Mapendekezo yapo: Polstar wa Marekani, Arago wa Ulaya, na Pollux, ambacho watu wa Ulaya wanataka kiwe kifaa kimojawapo kwenye darubini kubwa ambayo NASA inaipanga. Mapendekezo si vyombo. Inaniuma kusema kwamba elimu nyingi ya polaraizesheni ya urujuanimno ya nyota bado inasimama juu ya majuma machache ya miaka ya tisini.

Usidhani pia kwamba kila polaraizesheni tunayoipokea inatoka kwenye nyota. Mwaka 1946 mwanafizikia wa nyota Subrahmanyan Chandrasekhar alitabiri kwamba ukingo wa nyota ya moto unapaswa kuwa na mwanga uliopangwa. William Hiltner na John Hall wakatafuta, na mwaka 1949 wakatangaza wameipata polaraizesheni, ila haikuwa ile. Ilikuwa ya vumbi lililotapakaa kati ya nyota, chembe zake zimepangwa na usumaku wa anga. Kwa hiyo mpimaji lazima kwanza atoe hesabu ya vumbi ndipo aseme lolote juu ya nyota. Wakati mwingine ni kazi ngumu kuliko kupima.

Nije Ngomeni. Mpwa wako amekosea nusu, na nusu aliyopatia ni kubwa. Madishi yale si darubini. Hayaitazami nyota, yanaongea na setilaiti, yanapokea data zikipita juu yetu. Na urujuanimno si habari yake. Lakini kuna setilaiti inayoitwa IXPE, ya NASA na Shirika la Anga la Italia, iliyorushwa Desemba 2021 kupima polaraizesheni ya eksirei, binamu wa urujuanimno aliye mbali zaidi upande huohuo. Inazunguka juu ya ikweta, na kituo kikuu kilichopangwa kupokea data zake ni hicho hicho cha Ngomeni, karibu na Malindi. Vipimo vya mwanga uliopangwa kutoka kandokando ya mashimo meusi vimeshuka kwenye ufuo wetu kabla ya kufika Marekani. Na yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini Ngwana Bay, ambayo wavuvi wanayatumia kama alama, ndiko ilikorushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa astronomia ya eksirei, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwambie mpwa hayo, ayajue kwa usahihi.

Umeuliza unaweza kupima nini. Urujuanimno wa nyota, hapana, kwa kifaa chochote utakachonunua; hewa imefunga. Polaraizesheni ya nyota kwa mwanga wa kawaida inawezekana kwa darubini nzuri, kamera na subira ya miezi. Kwa mtu mwenye mashua ya kulipia mafuta sikushauri uanzie hapo. Kwa mpwa wako kuna njia ya bure: data za WUPPE zimehifadhiwa kwenye hazina ya data iitwayo MAST, yeyote anapakua. Aizoee hesabu kwanza, na amtafute mwalimu wa fizikia akae naye juu ya faili la Zeta Tauri, maana peke yake atakwama.

Wewe anza na anga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu katika wiki ya kwanza ya mwezi mwandamo, toka jua likishazama, baada ya adhana ya Magharibi na kabla giza halijaingia. Anga ya utosini wakati huo iko pembe ya mraba na jua, na hapo ndipo mwanga wa anga unapopangika zaidi. Weka kioo kimoja cha miwani mbele ya kamera ya simu, funga mwangaza wa kamera usijibadilishe, elekeza juu. Piga picha nne: kioo kimesimama, kimeinama nusu, kimelala, kimeinama upande wa pili. Usiielekeze kamera hata mara moja kwenye jua. Mpwa achukue mwangaza wa picha angavu kuliko zote, atoe wa ile iliyofifia kuliko zote, agawanye kwa jumla ya hizo mbili. Simu hurembesha picha, kwa hiyo namba haitakuwa safi isipokuwa ikiwa na uwezo wa kuhifadhi picha ghafi, na unyevu wa pwani utaipunguza, lakini itakuwa namba ya kweli, imetoka kwa njia ileile ya tofauti ya mwangaza iliyotumiwa angani. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwa uso wa mwezi wenyewe. Anga inayouzunguka itabadilika sana. Mwezi utabadilika kidogo tu. Niandikieni namba zote mbili pamoja na tarehe.